Eksesi Tunakulipia: Kisa cha Punguzo Lililolipwa na Asiyejua

Tangazo lilibandikwa ukutani kwenye gereji moja ya Kampala, na picha yake ikawa inazunguka WhatsApp: "Una bima kubwa? Lete gari kwetu. Eksesi tunakulipia sisi, matairi mawili bure, na mafuta ya laki mbili." Eksesi ni ile sehemu ya gharama ambayo mwenye bima hulipa mwenyewe, kampuni ikalipa iliyobaki. Haikuchukua muda wanachama wa chama chetu cha wenye gereji wakaanza kuleta malalamiko. Mteja anakuja, gari linapigwa picha, kadirio linaandikwa, halafu kesho yake anapiga simu kusema analipeleka kwingine kwa sababu huko hatoi hata shilingi. Mmoja aliuliza swali ambalo lilitusumbua kwa vikao kadhaa: yule anapata wapi fedha ya kugawa, na wote tunanunua spea kwenye maduka yaleyale ya soko la Kisekka?

Mimi ndiye katibu wa chama. Nilipewa kazi ya kupitia makaratasi ya gari moja ambalo mwenyewe alileta lalamiko la maandishi, na kisa ninachoeleza ni hicho. Gereji, kampuni ya bima na mteja sitawataja majina.

Kwanza hali yenyewe ya biashara, maana bila hiyo tangazo lile halieleweki. Magari mengi ya Uganda yana stika ya tedi pati tu, yaani ile bima ya lazima ya mtu wa tatu. Bima hiyo inatokana na sheria ya 1989 na inamwangalia mtu aliyeumia au kufa barabarani. Bampa lako haliiangalii hata kidogo. Bima kubwa, ile inayotengeneza gari lako mwenyewe, wanayo wachache: makampuni, mashirika, watu walionunua gari kwa mkopo wa benki, na wafanyabiashara waliojifunza kwa kuumia. Kwa hiyo kazi za bima ni chache kuliko gereji zinazozitaka. Na ni kazi tamu. Mteja hapigi kelele za bei, spea zinaruhusiwa kuwa nzuri, na rangi inapigwa kwa utaratibu wake, si ya kuvizia jua kando ya barabara. Kuanzia Ndeeba na Katwe hadi Industrial Area, sote tunayanyemelea magari yaleyale. Hapo ndipo kishawishi kinapoingia.

Gari la kisa hiki ni Toyota Harrier ya Hajati mmoja wa Bombo, mfanyabiashara anayekwenda Busia mara kwa mara kufuata mzigo. Aligonga lori kwa nyuma kwenye foleni ya barabara ya Jinja. Hakuumia. Mbele upande wa kulia palibonyea: bampa limepasuka, chuma cha nyuma ya bampa kimepinda, taa ya kulia imevunjika, fenda imekunjamana, na rejeta imeanza kuvuja. Alipeleka gari kwanza kwa mwanachama wetu, ambaye aliandika kadirio lifuatalo. Bampa 700,000. Chuma chake 350,000. Taa moja 1,200,000. Fenda 500,000. Rejeta iliyotumika, safi, kutoka Japani, 600,000. Kazi ya bodi na ufundi 900,000. Rangi 1,150,000. Jumla 5,400,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inafika 6,372,000. Mkataba wake wa bima ulisema eksesi ni asilimia 10 ya madai, kwa hiyo Hajati alitakiwa atoe 637,200 na kampuni ilipe 5,734,800.

Hajati akaona laki sita na kitu ni hela nyingi kwa wiki ile. Shemeji yake akamtumia lile tangazo. Akahamisha gari.

Gereji ya pili iliandika kadirio la 7,900,000 kabla ya kodi. Nimeliweka karibu na lile la kwanza mstari kwa mstari. Tofauti ya milioni mbili na nusu imetoka sehemu tatu. Rejeta imeandikwa mpya kabisa, 1,300,000. Taa zimeandikwa mbili, ya kulia na ya kushoto. Kazi imepanda kwa laki sita. Mengine yote yanalingana karibu shilingi kwa shilingi, jambo linaloonyesha kwamba mwandishi wa kadirio hilo alijua vizuri bei halisi na alichagua mahali pa kuongeza.

Sasa fuata hesabu hadi mwisho, maana wengi kwenye kikao walidhani yule bwana anagawa faida yake. 7,900,000 pamoja na VAT ni 9,322,000. Eksesi ya asilimia 10 ni 932,200, na hiyo "imelipwa" na gereji, yaani haikulipwa na mtu yeyote. Kampuni ya bima ikalipa 8,389,800. Ondoa VAT ya 1,422,000 inayokwenda URA, mamlaka ya mapato, ondoa matairi mawili ya laki tisa, ondoa mafuta ya laki mbili. Gereji inabaki na 5,867,800. Yule wa kwanza, asiyetoa zawadi yoyote, angebaki na 5,400,000. Kwa hiyo mgawaji wa zawadi, baada ya kugawa zote, amemzidi mwenzake kwa 467,800, na hapo bado hatujauliza kama kila spea iliyoandikwa ilifungwa kweli.

Haikufungwa. Wiki chache baadaye Harrier ilichemka njiani karibu na Lugazi, Hajati akiwa na mzigo wa watu. Ikavutwa hadi kwa mwanachama wetu yuleyule wa kwanza, na mimi niliitwa kuja kuangalia. Fundi wake, kijana wa Bukavu mwenye mkono mwepisi sana, aling'oa bampa huku akinieleza kila anachokiona. Rejeta ilikuwa ileile ya zamani. Tangi lake la plastiki lilipopasuka lilizibwa kwa gundi ya chuma, ikasuguliwa kwa msasa na kupuliziwa rangi nyeusi ili isionekane. Chuma cha nyuma ya bampa kilikuwa kilekile kilichopinda, kimegongwagongwa kwa nyundo hadi kikakaribia kunyooka. Bamba hilo ndilo linalopokea kishindo kabla hakijafika kwenye chasisi, na likishakunjwa mara moja na kunyooshwa baridi halina tena nguvu yake. "Katibu, hii ikigonga tena, haitasaidia kitu," kijana alisema. Kisha akanionyesha taa ya kushoto. Ilikuwa ya siku zote, ya gari lenyewe, haijawahi kufunguliwa. Skrubu zake zilikuwa na vumbi jekundu lililokauka.

Basi ile taa ya kushoto iliyovunjika kwenye picha alizopelekewa asesa, mkadiriaji wa hasara wa upande wa bima, ilitoka wapi? Nilizitazama picha hizo kwa muda mrefu. Taa imelazwa juu ya meza, nje ya gari, sikio lake la kufungia limekatika. Ukikuza picha, sehemu iliyokatika ina rangi ya kijivu iliyokolea, uchafu umeshaingia ndani ya mpasuko. Plastiki iliyovunjika juzi huwa nyeupe na safi pale ilipokatika. Taa ile ilikuwa ya rafuni, na siwezi kujua imepigwa picha kwa ajili ya magari mangapi. Asesa hakwenda gereji. Aliidhinisha kwa picha za simu, kama siku hizi inavyofanyika kwa madai yasiyo makubwa.

Niseme waziwazi ninavyolitazama jambo hili. Bei ya chini si ubaya. Mtu mwenye mashine nzuri, anayenunua rangi kwa wingi, anayemaliza gari kwa siku nne badala ya kumi, ana haki ya kuuza kwa bei ndogo na kutuacha sisi wengine tukijikuna. Lakini punguzo ni la yule anayelipa. Anayelipa hapa ni kampuni ya bima, na nyuma yake watu wote waliochangia mfuko ule. Akipewa punguzo mtu mwingine, pembeni, bila mlipaji kujua, hilo ni fungu la fedha ya mlipaji lililopitishwa mlango wa nyuma. Na eksesi ndiyo inayofichua jambo lenyewe kuliko kitu kingine. Gereji ikiandika ankara ya 9,322,000 huku imeshakubaliana na mteja kwamba ile 932,200 haitadaiwa kamwe, bei ya kweli ya kazi ni 8,389,800. Ankara imedanganya tangu mstari wa jumla, hata kama kila spea ingefungwa. Siku hizi ankara hiyo inatolewa kwa EFRIS, mfumo wa URA wa risiti na ankara za kielektroniki, kwa hiyo uongo huo unaambiwa URA pia.

Kikao

Kikao cha kwanza kilikuwa na hasira. Hoja iliyoletwa mezani ilikuwa fupi: chama kipige marufuku punguzo lolote kwenye kazi za bima. Ya pili ikafuata haraka: tuweke kiwango cha chini cha malipo ya ufundi, kila mwanachama asishuke hapo, na anayeshuka atangazwe kwa makampuni yote ya bima asipewe kazi. Makofi yalipigwa. Mwenyekiti, mzee aliyeanza na toolbox moja enzi za Amin na ambaye kila mtu humwita Mzee tu, aliniambia, "Katibu, andika hiyo."

Niliomba nisiiandike bado. Uganda sasa ina Sheria ya Ushindani ya 2023, iliyotiwa saini na Rais mwanzoni mwa 2024, na mojawapo ya mambo inayoyakataza ni washindani kukaa pamoja na kukubaliana bei ya kuuzia. Chama cha wenye gereji kinachopanga kiwango cha chini cha ufundi kinafanya hasa hicho. Kumfungia mtu soko kwa barua ya pamoja kwa makampuni ya bima ni hatari ileile kwa sura nyingine. Tungeanza tukiwa walalamikaji na kumaliza tukiwa washtakiwa, na yule bwana wa matairi angekuwa shahidi dhidi yetu.

Hilo halikupokelewa vizuri. "Kwa hiyo sheria inamlinda mwizi?" mjumbe mmoja alisema. Nadhani hapa ndipo vyama vingi vya biashara hupotea: mtu anapokuibia mteja kwa udanganyifu, hamu ya kwanza ni kupanga bei, kwa sababu bei ndiyo inayouma. Wakati kosa liko kwenye udanganyifu. Sheria ya Adhabu ya nchi hii ina kosa la kujipatia mali kwa hila tangu zamani. Taa ya rafuni iliyopigwa picha kama taa ya Hajati inaingia humo bila kusukumwa.

Aliyetuvusha ni dada mmoja mwenye gereji upande wa Nakawa, anayeshughulika zaidi na magari ya makampuni. Alisema yeye hutoa punguzo la asilimia 8 kwa kampuni moja yenye magari mengi, na lipo kwenye ankara, na kampuni ya bima inaliona, na eksesi inakokotolewa juu ya bei iliyokwishapunguzwa. "Mkinikataza hilo, mnanikataza kufanya biashara. Lakini mkisema punguzo lolote liandikwe kwenye karatasi ileile inayolipwa, mimi nitasaini leo, sebo." Mzee alinyamaza, kisha akamwomba arudie ili kila mtu asikie.

Kuanzia hapo mazungumzo yaligeuka kuwa ya kazi. Kuosha gari bure baada ya matengenezo? Hakuna anayelishika hilo. Haliongezi shilingi kwenye madai, na gari lililotoka kwenye rangi lazima lioshwe. Mafuta? Yanategemea. Lita chache za kumfikisha mteja nyumbani si sawa na laki mbili zilizotangazwa kama chambo. Kuvuta gari bure ndiko kulikotugawa kweli. Wengine walisema ni huduma, kila gereji kubwa ina gari la kuvutia. Wengine walisema ndiyo mtego wenyewe: anayekuvuta bure kutoka eneo la ajali ameshakushika, gari likiwa uani kwake hulitoi bila kulipa "uhifadhi", na gharama ya kuvuta inajificha kwenye bei ya bodi. Mimi nilikuwa upande wa hawa wa pili na bado niko. Tulichofika nacho ni kwamba kuvuta gari kuandikwe kwenye ankara kwa bei yake, na kama kumesamehewa, msamaha uonekane palepale.

Matairi hayakuchukua dakika tano. Tairi halihusiani na ajali ya mbele kulia. Kumpa mtu tairi ili alete madai ya bima ni kumlipa ili adai.

Niliwaeleza pia habari ya Florida kule Marekani, kwa sababu wengine walidhani jambo hili ni la kwetu peke yetu. Huko vita vilikuwa vya vioo vya mbele. Bima kubwa ya jimbo lile hailipishi eksesi kwa kioo cha mbele, kwa hiyo mafundi wa vioo walikuwa wanawafuata watu hadi kwenye maegesho na kuwapa kadi za zawadi au fedha ili wakubali kubadilishiwa kioo kwa bima. Mwaka 2023 jimbo lilipitisha sheria inayoikataza gereji kumpa mteja kitu chochote cha thamani ili afanye madai ya kioo. Angalia walikata wapi. Bei ya kioo hawakuigusa. Waligusa ile zawadi ya kumfanya mtu adai. Kwetu hakuna kifungu cha namna hiyo kwa gereji, kwa hiyo chama kilibidi kijifunge chenyewe kwa hiari ya wanachama wake.

Upande wa pili wa meza

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia kwa mafundi. Tulipokwenda kukutana na watu wa madai wa makampuni kadhaa ya bima, walikuja na faili nene la malalamiko juu yetu, na mengi yalikuwa ya haki. Lakini na sisi tulikuwa na yetu. Gereji inanunua spea kwa fedha taslimu, hakuna duka la Kisekka linalokopesha rejeta miezi mitatu. Kampuni inalipa lini? Wapo waliokuwa wanasubiri malipo ya magari ambayo wenyewe walishayauza. Halafu kadirio likipelekwa, ofisa anakata ufundi nusu bila kufika gereji, kwa mazoea tu. Fundi akishajua kwamba atakatwa nusu, ataandika mara mbili. Akishajua atalipwa baada ya miezi, ataongeza riba ya mkopo wa benki ndani ya bei ya bampa. Kisha yule mkweli, aliyeandika kazi halisi, anakatwa na yeye, na anatoka amepata hasara kwenye gari la watu. Mazingira hayo ndiyo yaliyozaa tangazo la matairi.

Na lipo lile ambalo halisemwi kwa sauti: baadhi ya kazi zinapelekwa gereji fulani kwa sababu kuna mtu ndani anayepata chake. Tulilisema. Chumba kilikuwa kimya kwa muda, kisha mmoja wa watu wa bima akasema wanaojua wawapelekee wao ushahidi, nao watauchukua. Nakubali jibu hilo kwa sasa, ila nina mashaka nalo, kwa sababu fundi anayeleta ushahidi huo ndiye huyohuyo anayengojea kazi kesho.

Walichotaka kwetu kilikuwa cha kueleweka. Picha za gari likiwa zima kama lilivyofika, taa na spea zikiwa bado zimefungwa. Picha wakati limefunguliwa. Spea za zamani zifungwe lebo yenye namba ya gari na zihifadhiwe hadi asesa azione. Na kwa gari lililofungua eabegi, risiti ya eabegi mpya na mtu wa bima ashuhudie. Hili la eabegi nililiunga mkono kwa nguvu zangu zote. Upo ujanja wa kufunga rezista ndogo ya umeme kwenye waya wa eabegi ili taa ya dashibodi izimike kama kawaida, kumbe ndani ya usukani hakuna kitu. Mwenye gari anaendesha akiamini amelindwa. Rezista hiyo ni ya bei ya andazi, na tofauti inaingia mfukoni, labda sehemu yake ikirudi kwa mteja kama "mafuta ya bure".

Bwana wa tangazo

Alikuja alipoitwa, na ninamheshimu kwa hilo. Si mtu mbaya kama tulivyokuwa tumemchora. Alifungua gereji kwa mkopo, miezi sita ya mwanzo hakupata gari hata moja la bima, na mtu mmoja wa ndani ya biashara akamfundisha kwamba bila kumpa mteja kitu, magari yatapita tu. "Wazee wangu, mimi sikuanza," alisema. "Mimi niliandika tu ukutani yale ambayo wengine wanayasema kwenye simu." Hakuna aliyembishia. Kwenye chumba kile walikuwepo wanaojua anasema kweli.

Kuhusu Harrier alijaribu kwanza kusema rejeta mpya ilikosekana sokoni. Nikamwekea mezani picha ya tangi lililozibwa kwa gundi, na ile ya skrubu za taa zenye vumbi. Aliomba maji. Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa ya namna ya kurekebisha.

Yalikwenda hivi. Alinunua rejeta na chuma cha bampa, vikafungwa na mwanachama mwingine kwa gharama yake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inamtaka mtoa huduma afanye kazi kwa uangalifu na ustadi, kwa hiyo Hajati alikuwa na pa kusimama hata bila chama. Kampuni ya bima ilidai irudishiwe kilichozidi, naye akakubali kulipa kwa awamu. Hapo ndipo jambo likamgeukia Hajati, na hili lilinisikitisha. Kampuni ilimwandikia kwamba eksesi yake haikuwahi kulipwa, na inamdai. Alinipigia akiwa na uchungu: "Mwanangu, mimi ndiye niliyekwama Lugazi na mzigo wa watu, na mimi ndiye ninayedaiwa?"

Nilimjibu nilichoamini. Eksesi ni ahadi aliyoitia saini yeye na kampuni. Gereji haina uwezo wa kumsamehe deni ambalo si la kwake. Lakini pia alisaini karatasi ya kuridhika na matengenezo akiwa amesimama kando ya gari lililong'aa, bila mtu kumfungulia boneti wala kumwonyesha spea ya zamani. Kampuni iliitumia karatasi hiyo kama kwamba Hajati ni mkaguzi wa magari. Hatimaye walikokotoa eksesi upya juu ya thamani ya kazi iliyofanyika kweli, wakampa muda wa kulipa kidogokidogo, na gharama ya kuvutwa kutoka Lugazi ikabebwa na gereji. Matairi alibaki nayo. Kulikuwa na mjumbe aliyetaka yarudishwe. Mzee alisema hataki kusikia habari ya kumvua mama matairi.

Mwongozo wa chama ulipitishwa baadaye kwa kura, na kilichomo ni yale niliyokwisha kueleza. Punguzo lolote liwe kwenye ankara anayoipata mlipaji. Eksesi idaiwe kwa mteja na risiti itolewe kwake. Hakuna kitu cha thamani kinachotangazwa ili mtu alete madai. Spea za zamani ziwekewe lebo. Kabla mteja hajasaini kuridhika, boneti ifunguliwe mbele yake na fundi amwonyeshe kilichobadilishwa, kwa lugha anayoielewa. Bei kila mmoja ajipangie, hakuna anayemwuliza mwenzake. Mwanachama akivunja anaitwa kwanza, na akirudia, faili linapelekwa kwa kampuni husika ya bima na kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, ambayo ina dawati la kupokea malalamiko, pamoja na ushahidi wa kazi hiyo moja, bila orodha ya watu wa kususiwa.

Tangazo la ukutani limefutwa. Lililowekwa mahali pake linasema kazi ya bodi ina dhamana ya mwaka mmoja na kwamba spea za zamani zinaonyeshwa. Wateja wake wamepungua kiasi, ameniambia mwenyewe, na baadhi ya waliopungua hawakuja kwetu pia; kuna gereji nje ya chama ambazo bado zinalipa eksesi za watu kwenye simu.

Upande wa bima, makampuni mawili yamekubali kwa maandishi kulipa ndani ya siku 30 tangu gari kutoka, mradi picha na lebo zikamilike. Mengine yanasema wanaliangalia. Tumewaandikia tena, na barua ya safari hii imeambatanishwa na mahesabu ya Harrier, yale makadirio mawili yakiwa ubavu kwa ubavu na riba ya benki ya miezi mitatu imeandikwa chini yake. Suala la kuvuta magari limerudishwa kwenye kamati, kwa sababu wenye magari ya kuvutia wamelalamika kwamba bei ya kuvuta usiku haijulikani hadi gari lifike, na wana hoja.